Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: mwanafunzi anapotea tangu siku ya udahili

Kwa: Mkuu wa Chuo, Msajili, na Wajumbe wa Bodi ya Chuo
Jiji la Tanga

YAH: UTARATIBU WA UDAHILI NA WANAFUNZI WANAOACHA MASOMO KABLA YA MWAKA WA PILI

Ndugu Mkuu wa Chuo,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Habari za kazi. Tunaowaandikia ni wazazi na walezi wa wanafunzi wenu, pamoja na wakufunzi tuliowahi kufanya kazi katika ofisi za udahili za vyuo vya kati mkoani hapa. Tulianza kwa barua za kawaida, zikapokewa na kugongwa muhuri. Tukaomba kikao, tukasikilizwa kwa heshima, tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Sasa dirisha jingine la udahili limefunguliwa na fomu zinatolewa kwa utaratibu uleule, ndiyo maana tumeamua kusema hadharani. Jina la chuo tumeliacha kwa makusudi. Tunachotaka ni marekebisho, na vipo vyuo vingine, kuanzia hapa mjini hadi Korogwe na Lushoto, vitakavyojiona humu.

Mwanafunzi anapoacha masomo mwezi wa tatu, huandikwa "mtoro" na faili hufungwa. Sisi tunasema sababu ya kuondoka kwake, mara nyingi, ilikuwepo tayari siku alipopewa barua ya kukubaliwa. Chuo kingeuliza maswali machache siku hiyo kingeiona. Hakikuuliza, kwa sababu kilikuwa kinatafuta idadi. Tunaeleza hoja kwa hoja.

1. Sifa zinahakikiwa baada ya ada kupokewa

Sharti la chini la kuanza ngazi ya 4 ya tuzo za taifa za ufundi (NTA), yaani cheti cha awali, linafahamika: ufaulu wa masomo yasiyopungua manne katika mtihani wa kidato cha nne, kuanzia D, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kwa utabibu, katika hayo manne lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Katika kozi nyingi, aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuingia stashahada moja kwa moja akiwa na prinsipo moja (ufaulu kamili wa somo) na sabsidiari moja (ufaulu wa chini yake).

Makosa tunayoyaona yanajirudia. La kwanza ni kuhesabu Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia ndani ya yale masomo manne. La pili ni kupokea picha ya matokeo iliyopigwa kwa simu bila kuyatazama kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. La tatu ni la wale waliorudia mtihani: anaandikwa kwa namba ya mtihani ya mwaka mmoja ilhali ufaulu wake umegawanyika katika miaka miwili. Majina yanapopelekwa kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, yanakataliwa. Wakati huo mtoto keshalipa, keshapanga chumba, keshasoma wiki kadhaa. Wapo wanaoachwa waendelee kusoma "tukilishughulikia", na huo kwetu ndio ubaya mkubwa zaidi, kwa sababu asiyetambuliwa na NACTVET hatapata namba ya uhakiki wa tuzo, na bila namba hiyo mwenye stashahada hawezi kuomba shahada. Mtoto anapoteza miaka, na mzazi anapoteza ada ya miaka hiyo.

Kuzuia jambo hili ni kazi ya dakika chache kwa kila mwombaji. Chukueni namba ya mtihani na mwaka, fungueni matokeo, linganisheni masomo na mwongozo wa udahili wa mwaka husika, ofisa aweke sahihi yake, ndipo namba ya malipo itolewe. Hapohapo linganisheni majina: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Ally na Ali, Mwanahamisi na Mwanahamis, ni herufi moja tu, lakini humkwamisha mtu. Hati ya kiapo inapatikana kwa urahisi ikianza kushughulikiwa mapema. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na maombi yake yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na wakala wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Tunapokea watoto wengi kutoka Pemba, kwa hiyo hili lisiachwe hadi siku ya mwisho.

2. Gharama kamili inatolewa vipande vipande

Hapa ndipo tunapoumia zaidi.

Kipeperushi kinataja ada ya mwaka, basi. Maelekezo ya kujiunga yanakuja na orodha ya pili: usajili, kitambulisho, sare, bima ya afya, ada ya udhibiti ubora ya NACTVET, mitihani ya ndani, serikali ya wanafunzi. Akishafika darasani inakuja orodha ya tatu. Wa utabibu anatakiwa awe na koti jeupe, stetoskopu, mashine ya kupimia presha, glavu. Wa umeme anatakiwa awe na ovaroli, viatu vya usalama, testa na koleo. Mwisho wa muhula inakuja ya nne, ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini: nauli, chumba kingine huko anakopangiwa, na daftari la kumbukumbu za mafunzo. Bweni likijaa, kama linavyojaa, mtoto anapanga geto Makorora au Mikanjuni, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anayekaa mbali zaidi anaongeza daladala mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki.

Mzazi wa Kilindi au Handeni aliyeuza mahindi kulingana na kiasi kilichoandikwa kwenye kipeperushi hana fedha ya orodha ya pili, seuze ya nne. Tueleze linavyokwenda, maana tunadhani Bodi haijawahi kuonyeshwa mnyororo huu mzima. Majaribio ya katikati ya muhula huja karibu na wiki ya sita hadi ya nane. Anayedaiwa anatolewa nje ya chumba cha mtihani. Hana alama ya jaribio, kwa hiyo alama zake za maendeleo hazitimii. Zisipotimia, haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho wa muhula. Asipoufanya, moduli, yaani somo hilo, inarudiwa mwaka unaofuata, na fildi inayohitaji moduli hiyo inasogea. Deni laweza kuwa shilingi 150,000, lakini limemla mwaka mzima. Mtoto akilipiga hesabu hilo, harudi. Ofisi inaandika "mtoro".

Tunaomba karatasi moja ya gharama, ukurasa mmoja, itolewe pamoja na fomu ya maombi kabla mtu hajalipa chochote. Iwe na mistari ya ada, michango yote, vifaa kwa kila kozi, makadirio ya chumba na chakula kwa mwezi, nauli, na fildi. Na mbele ya kila mstari mwezi unaotakiwa kulipwa. Kisichokuwepo kwenye karatasi kisidaiwe mwaka huo.

Pia ratiba ya awamu iendane na kipato cha watu wa mkoa huu. Mvuvi wa Pangani au Mkinga hana mapato yaleyale kusi likivuma na kaskazi ikitulia. Mkulima wa machungwa Muheza ana msimu. Kibarua wa mkonge analipwa kwa mwezi, kidogo kidogo. Awamu mbili za nusu kwa nusu zinawafaa wenye mshahara mnono. Wekeni awamu nne, ya kwanza ikiwa ndogo, na anayelipa kwa mkataba ulioandikwa asitolewe nje ya jaribio.

Kwa madeni madogo ya wanaokaribia kumaliza, wengine wameonyesha njia. Chuo Kikuu cha Georgia State, jijini Atlanta, Marekani, kilianza mwaka 2011 kutafuta wanafunzi waliokuwa karibu kufutwa kwa sababu ya deni dogo lililobaki, kikawalipia deni hilo chenyewe. Wengi wa waliolipiwa walibaki kuwa wanafunzi walipao ada. Hata mhasibu asiye na huruma ataliona hilo.

3. Mawakala wanalipwa kwa kichwa

Wakala anayelipwa siku mwanafunzi anaposajiliwa hana sababu ya kujali wiki ya tatu itakuwaje. Ndiyo maana stendi ya Kange na kwenye viwanja vya shule za sekondari za kata zinasikika ahadi ambazo chuo hakiwezi kuzitimiza: bweni lipo, mkopo ni wa uhakika, ajira ipo ukimaliza. Wengine huwaandikisha watoto kozi waliyoitaka, na wakifika wanaambiwa darasa halikutimia, waingie kozi nyingine. Msichana aliyekuja kusoma famasia akiwekwa maendeleo ya jamii hajapata chuo bado, amepata mahali pa kusubiri.

Tuwaonyeshe hesabu kwa mfano tu. Tuseme ada ni 1,200,000 kwa mwaka, kozi ni ya miaka mitatu, na wakala analipwa 50,000. Mwanafunzi akiondoka baada ya muhula mmoja, chuo kimepata 600,000, kimemlipa wakala, na kimepoteza mihula mitano, yaani 3,000,000. Wakiondoka kadhaa wa namna hiyo, fedha inayopotea ingetosha kumlipa mshauri wa wanafunzi.

Tunaomba wakala asilipwe chochote siku ya usajili. Alipwe nusu mwanafunzi akishafanya mtihani wa muhula wa kwanza, na nusu akishajisajili mwaka wa pili. Yule mwongo ataacha kazi mwenyewe. Na kozi isiyotimiza idadi ifutwe wiki mbili kabla ya masomo kuanza, waombaji wapigiwe simu, anayetaka fedha yake arudishiwe yote.

4. Udahili wa wiki ya tano na ya sita

Mwaka wa NTA una krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maabara na za kujisomea. Muhula mmoja basi ni saa 600. Ukiwa na wiki 15, ni saa 40 kila wiki. Anayepokelewa mwanzoni mwa wiki ya tano ameanza akiwa na upungufu wa saa 160, na jaribio la kwanza liko mbele yake wiki chache tu. Saa hizo si za hivi hivi. Katika Anatomia na Fiziolojia ndizo zinazobeba istilahi za msingi, na katika hisabati za ufundi ndizo zinazobeba kanuni ambazo kila mada inayofuata inazidhani unazijua. Huyo akifeli moduli tatu akadisko, yaani akaondolewa masomoni, hajafeli peke yake.

Fungeni mlango mwisho wa wiki ya pili. Atakayechelewa apewe nafasi ya muhula wa Machi kwa kozi zenye udahili wa Machi, au aingizwe mwaka unaofuata bila kulipia fomu upya.

5. Hakuna kipimo cha awali

D ya Hisabati na D ya Kiingereza zinatosha kumwingiza mtu, lakini hazimwambii mkufunzi aanzie wapi. Wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakavuka sekondari kwa kukariri Kiingereza, na sasa wanakabidhiwa vitini vya kurasa 90. Jaribio la saa moja na nusu siku ya mapokezi, maswali 20 ya hesabu na aya mbili za kusoma na kueleza, lingewatambua wanaohitaji msaada. Wapewe saa nne za ziada kwa wiki kwa wiki sita za mwanzo. Alama za jaribio hilo zisitumike kumkataa mtu.

6. Ukimya kati ya barua na kufika

Mtoto anakubaliwa, kisha kwa wiki nyingi hasikii neno hadi siku ya kuripoti. Katika ukimya huo wengi hupotea: mwingine hajui fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe wapi, mwingine anadhani asipokuwa na ada yote atafukuzwa getini. Kile chuo cha Atlanta tulichokitaja kilianza mwaka 2016 kuwatumia waliokubaliwa ujumbe wa simu na kujibu maswali yao usiku na mchana kwa programu ya kompyuta. Idadi ya waliopotea kabla ya kuripoti ikapungua kwa takriban moja ya tano. Hapa hatuhitaji programu. Ofisa mmoja, simu moja yenye namba isiyobadilika, na ujumbe mmoja kila wiki kwa Kiswahili chepesi: wiki hii hakiki jina, wiki ijayo shughulikia bima, ijayo tafuta chumba, siku fulani ofisi ina watu wa kukupokea.

7. Chuo hakihesabu wanaoondoka

Tulipouliza ni wangapi hubaki, tulijibiwa kwa idadi ya walioko darasani. Hilo ni jibu la swali jingine. Chukueni darasa la mfano lenye waliosajiliwa Oktoba 60. Mwaka wa pili kuna 53. Linaonekana darasa zuri, asilimia 88. Lakini ukifuata namba za usajili, 12 kati ya hao 53 wamehamia kutoka vyuo vingine au ni wa mwaka uliotangulia wanaorudia. Wa Oktoba waliobaki ni 41, sawa na asilimia 68. Watoto 19 wamepotea na ripoti haiwataji.

Hesabu ifanywe kwa namba ya usajili, darasa kwa darasa, mara nne: wiki ya nne, mtihani wa muhula wa kwanza, mtihani wa muhula wa pili, na usajili wa mwaka wa pili. Kila anayekosekana apigiwe simu, na sababu iandikwe: ada, kozi siyo, ufaulu, ugonjwa, ujauzito, msiba, amehama. Pamoja na sababu, iandikwe alidahiliwa wiki ya ngapi na aliletwa na nani. Baada ya mwaka mmoja mtajua kasoro iko dirisha gani. Na anayekosa vipindi wiki mbili mfululizo atafutwe na mkufunzi mlezi wake wakati huohuo, asisubiriwe hadi orodha ya mtihani ibandikwe.

Tunayajua majibu ambayo huenda mkatupa.

Mtasema wanafunzi wenyewe ni dhaifu na hawana nidhamu. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP kwa vyuo vyake vya miaka miwili: mshauri wa karibu, kadi ya usafiri, msaada wa vitabu na wa kuziba pengo la ada, na sharti la kusoma muda wote. Watafiti wa MDRC, taasisi ya utafiti ya Marekani, waliwagawa wanafunzi wa aina moja kwa bahati nasibu, nusu wakaingia kwenye mpango na nusu wakabaki na utaratibu wa kawaida. Ndani ya miaka mitatu walihitimu asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango, na asilimia 22 ya wenzao. Wanafunzi walikuwa walewale. Kilichotofautiana ni chuo kilivyowashika.

Mtasema mkiwakatalia wasio na sifa, chuo cha jirani kitawachukua. Kiwachukue. Mfumo wa NACTVET utawakataa huko pia, na aibu haitakuwa yenu.

Mtasema wasichana wanapata ujauzito na hilo si kosa la chuo. Ni kweli kwamba si kosa lenu. Lakini tangu Novemba 2021 hata shule za sekondari zimeruhusiwa kuwarudisha darasani waliojifungua. Chuo cha watu wazima kisichokuwa na fomu ya kuahirisha masomo, inayoonyesha tarehe ya kurudi na alama zitakazohifadhiwa, kinamwambia msichana huyo asirudi.

Mtasema fedha. Ndugu Mkuu wa Chuo, kati ya tuliyoyataja, mengi ni karatasi, kalenda na simu. Yanayogharimu ni mshauri na mfuko wa madeni madogo, na hesabu ya wakala hapo juu inaonyesha fedha hiyo inavuja kupitia wapi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, kwa maandishi.

Kabla ya fomu nyingine kutolewa: uhakiki wa matokeo utangulie namba ya malipo, na karatasi ya gharama ya ukurasa mmoja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na kutolewa na kila fomu.

Kabla ya masomo ya Oktoba kuanza: mikataba ya mawakala iandikwe upya, tarehe ya mwisho ya kupokea wanafunzi itangazwe, ratiba ya awamu nne iidhinishwe na Bodi, na fomu ya kuahirisha masomo iwepo kwa Msajili.

Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza: jedwali la waliosajiliwa na waliobaki, kwa kila kozi, bila majina ya wanafunzi, lisomwe mbele ya wazazi.

Na kwa wale ambao tayari wamo darasani na majina yao hayajatambuliwa na NACTVET, tunaomba waambiwe ukweli ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, na wasiokuwa na njia ya kurekebisha warudishiwe ada yao. Hili halihitaji kikao cha Bodi.

Tuko tayari kukaa nanyi mezani siku yoyote mtakayopanga, na wale kati yetu waliofanya kazi ya udahili watasaidia kuandaa fomu na jedwali bila malipo. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 30, tutaipeleka hoja ya kwanza NACTVET pamoja na vielelezo tulivyonavyo.

Wenu,
Wazazi, walezi na wakufunzi
Tanga

Nakala:
Katibu Mtendaji, NACTVET
Mkuu wa Mkoa wa Tanga
Serikali ya Wanafunzi ya chuo